Uzi Uliokataa Rangi

Kila asubuhi anapita mbele yako, na kila asubuhi unageuza uso. Usikatae. Nimekuona ukitafuta mfukoni kitu ambacho hakimo, nimekuona ukitazama simu iliyoisha chaji. Wapo kati yenu wanaowavuta watoto mkono kana kwamba binti yule ni ajali ya barabarani. Sketi nyeusi inayofagia vumbi, buti nyeusi, mdomo mweusi, wanja uliopanda hadi kwenye nyusi, basi, mmeshahukumu. Mkamwita Kunguru, mkacheka, mkaenda zenu. Hamkumuuliza hata siku moja, "Dada, vipi hali?" Na siku alipovunjwa moyo, mbele ya watu waliokuwa wamevaa vizuri na kushiba vizuri, hilo nalo mlilipitia mbali.

Leo mtalisikia lote.

Kunguru alilelewa na shangazi yake, na shangazi yake aliuza mitumba. Kibanda chao kilikuwa mwisho wa soko, pale mabati yanapoanza kuvuja, na kazi ya binti ilikuwa kupasua marobota. Robota hufika limefungwa kwa mikanda migumu ya plastiki, limebanwa hata nguo zilizomo zimekuwa kama tofali. Anaikata mikanda, nguo zinavuta pumzi, kisha anachambua. Nzuri zinaning'inizwa mbele. Zenye doa, zenye rangi za kuumiza macho, zilizopotelewa na vifungo, zinarushwa pembeni kwenye lundo la matambara wanayokuja kuchukua mafundi wa magari wafutie oili.

Kwenye lundo hilo ndiko alikojijengea kabati lake la nguo.

Watu walidhani anafuja fedha. Fedha ipi? Pazia la lesi lililochanika upande mmoja alilikata likawa mikono ya blauzi. Foronya ya mahameli ya kochi la tajiri fulani ikawa kola. Minyororo ya mikoba iliyokatika aliiunga ikawa mikufu. Buti alizipata kwa mlinzi aliyeacha kazi, akazisugua dawa ya viatu mpaka zikasahau lindo. Na ile mikanda ya marobota ambayo kila muuzaji huitupa jalalani, yeye aliikata vipande, akavipanga ndani ya bitana ya kizibao kimoja baada ya kingine, kama mbavu, hadi kizibao kikasimama chenyewe juu ya meza bila mtu ndani.

"Toba!" Shangazi alisema siku hiyo. "Sasa hiki ukikivaa utakula wapi?"

"Nitakula kidogo, Shangazi."

"Kula kidogo tumeshazoea. Sikujua tu kama kuna vazi lake."

Halafu kila kitu kilipikwa. Uani kulikuwa na sufuria kuukuu iliyong'oka sikio, haipikiwi chakula tena. Maji yakichemka anamwaga rangi ya unga, anatia chumvi, anazamisha nguo, anakoroga kwa mwiko bila kuacha maana ukiacha hutoka na mabaka. Mwisho anazisuuza kwa maji baridi yenye siki ili rangi ishike. Shati la kijani, sketi ya waridi, gauni lenye maua kama kitambaa cha meza, zote zinaingia zimegombana na kutoka ndugu.

Lishikeni hili moyoni, maana ndilo lililomponza. Kwa Kunguru, kupika nguo kulikuwa ndiko kuipenda. Nguo iliyoingia sufuriani ilikuwa imetolewa kwenye lundo la matambara, haitatupwa tena. Hakuwa na namna nyingine ya kukiambia kitu, "Wewe ni wangu."

* * *

Mpigapicha alimpata kwa picha ya kitambulisho. Studio yake ilikuwa ng'ambo ya soko, chumba kimoja chenye kiti cha kuzunguka na pazia la buluu.

"Utafuta huo mdomo kidogo, dada," alimwambia akiwa nyuma ya kamera. "Wanataka sura yako halisi."

"Halisi ndiyo hii. Ile nyingine nilipewa tu na wazazi."

Mpigapicha alicheka hadi kamera ikatikisika. Akampiga picha. Kisha, kabla hajainuka, akampiga nyingine.

"Na hiyo ya nani?"

"Ya kwangu."

Tangu hapo, kila akifunga studio alikuja kukaa juu ya ndoo iliyofudikizwa mlangoni pa kibanda, anamtazama akichambua nguo. Alikuwa na macho ya kutazama yule. Kunguru aliyezoea kukodolewa na kuzomewa alijikuta kwa mara ya kwanza anatazamwa kama mtu anavyotazama maji akiwa na kiu. Mkasi ukawa unamponyoka ovyo.

"Wewe huna kwenu?" Shangazi alimtania kijana.

"Ninako, Shangazi, ila huko hakuna ndoo."

Lakini kwao kulikuwa na Matroni. Ndivyo alivyoitwa mama yake na mtaa mzima, hata baada ya kustaafu uuguzi. Matroni aliishi maisha yake yote ndani ya nyeupe iliyotiwa wanga na kupigwa pasi. Habari za Kunguru zilipomfikia, alisema neno moja tu: hapana. Mjomba mtu akaongeza ya kwake: msichana anayevaa msiba bila kufiwa anauita. Na ndani ya nyumba ile msiba ulishaingia mara moja. Mpigapicha alikuwa na dada, amefariki. Hilo tu ndilo Kunguru alilolijua, kwa kuwa kila alipouliza zaidi, kijana alianza kuifuta lenzi ambayo tayari ilikuwa safi.

Akasubiri. Akamwambia mpenzi wake, "Sitakutorosha. Nataka nikaribishwe, hata kama ni kwa kiti cha jikoni." Hilo ndilo alilolitaka duniani, si zaidi. Aingie nyumba ile kwa mlango wa mbele, aitwe mwanangu.

Na miezi ikaenda, na maji yakala jiwe. Siku moja kijana akaja na mfuko wa karatasi.

"Mama amekutumia."

"Mama nani?"

"Mama yangu. Amesema uje tule naye Jumapili. Na uje umevaa hili."

Kunguru alifuta mikono kwenye sketi kabla ya kugusa. Lilikuwa gauni refu la lesi ya pamba, rangi ya maziwa, limeshonwa kwa mkono kuanzia kola hadi pindo. Mishono yake ilikuwa midogo na sawasawa kama meno ya mtoto.

"Matroni kanitumia mimi?"

"Wewe."

"Lilikuwa la nani?"

Mpigapicha aliinamia kamba za viatu vyake. "Lilikuwa kabatini tu. Siku nyingi."

Hapo. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Mama yake alimtuma na gauni pamoja na maneno. Yeye akafikisha gauni, maneno akayameza.

* * *

Siku kadhaa gauni lilining'inia juu ya kitanda cha Kunguru, na yeye chini yake, wanatazamana.

"Livae kama lilivyo," Shangazi alimshauri. "Nguo ya watu hiyo."

"Si ya watu tena, Shangazi. Nimepewa."

"Umepewa uvae. Hujapewa uchemshe."

"Nikilivaa hivi ataona mtu mwingine. Atampenda huyo mwingine, halafu mimi nitamlaza wapi nikirudi nyumbani?" "Amejua mimi ni nani, na bado ametoa kitu kizuri kama hiki. Basi nami nimwonyeshe nimekipokea."

"Muulize kijana wake kwanza."

"Nilimuuliza. Amesema lilikaa tu kabatini."

Shangazi alikuna kichwa kwa sindano ya kushonea, akasema, "Haya. Mimi sijawahi kuwa na mkwe mwenye lesi. Wewe ndiye unayejua."

Akalipika. Hakuwahi kupika kitu kwa uangalifu ule. Alikoroga polepole asije akaivuta lesi, akaonja chumvi ya maji kwa ulimi kama mpishi, akasuuza kwa siki tena na tena mpaka maji yakatoka meupe. Lesi ilikunywa rangi yote, ikawa nyeusi ya kina, nyeusi ya kisima. Ila uzi uligoma. Uzi wa kushonea haukuwa wa pamba, ulikuwa wa nailoni, na nailoni hainywi rangi ya namna ile. Kila mshono ukabaki na umaziwa wake, ukilizunguka gauni jeusi kama mtu kalichora kwa chaki.

Alishika kiwembe afumue ashone upya kwa uzi mweusi. Akakirudisha. Mikono iliyoshona vile, alijisemea, haifumuliwi.

Mpigapicha alipokuja alilikuta kwenye kamba uani, linapepea.

"Umelipika," alisema.

"Nimelipika. Njoo uone lilivyokubali! Tazama uzi. Umekataa rangi, lakini ndiyo umelipendezesha. Mama yako atauona kila mshono."

Alisogea, akaligusa pindo. Kunguru aliona kitu kikipita usoni mwake, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Hulipendi."

"Ni zuri."

"Niambie ukweli. Kama nimeharibu niambie leo."

"Nimesema ni zuri, mpenzi." Na akamkumbatia, ili uso wake uwe nyuma ya bega la Kunguru, usionekane.

Jumapili ilikuwa bado. Angeweza kwenda kwa mama yake. Angeweza kumwambia Kunguru palepale uani. Hakumwambia huyu, hakumwambia yule. Aliogopa kumuumiza mmoja, akawaandalia maumivu wote wawili.

* * *

Sebule ya Matroni ilikuwa nyeupe mpaka mtu anaona aibu kuketi. Vitambaa vya kochi, pazia, kitambaa cha meza, vyote vimekakamaa kwa wanga. Ukutani palikuwa na picha moja kubwa ya msichana anayecheka huku amefumba jicho moja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mwanangu. Kunguru alilisikia likitua. Matroni alimtazama kuanzia kola hadi buti, akavuta pumzi ndefu, na tabasamu alilolitayarisha tangu asubuhi likatetemeka lakini likakaa. Mjomba, aliyekuwa ameshajisevia, hakujitaabisha kutabasamu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Poleni. Nani kafa?"

"Bado hatujajua, Mjomba. Tunasubiri utuambie."

Mpigapicha alikohoa ndani ya glasi ya maji. Matroni, ajabu, akacheka. Cheko fupi, la mtu ambaye hajacheka siku nyingi. Kunguru akaona mlango umefunguka. Walikula. Matroni alimwekea nyama kwa mkono wake mwenyewe, akamuuliza kuhusu Shangazi, kuhusu biashara, akasikiliza majibu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya kumsitiri mtu:

"Sikukasirika kwamba hukulivaa. Pengine halikukutosha. Nilitaka tu ulipate."

Kunguru aliweka uma chini. Furaha ilimpanda hadi masikioni.

"Lakini nimelivaa, Mama! Ndilo hili."

Akasimama. Akazunguka katikati ya sebule ile nyeupe, mara moja, polepole, ili pindo lifunguke na mishono yote ionekane.

Matroni aliinuka kama mtu anayeitwa chumba cha pili. Akamfikia, akachuchumaa kwa shida kwa sababu ya magoti, akashika pindo. Kidole chake kikaanza kufuata uzi ule wa maziwa, kikapanda nao hadi kiunoni.

"Huu mshono ni wangu," alisema.

"Ni wako, Mama?"

"Nilikuwa nashona nikitoka zamu. Alikuwa bado ana nguvu za kusimama juu ya kiti nimpime."

"Nani, Mama?"

Matroni aliinua kichwa. Alitazama ukutani, kwenye picha ya msichana aliyefumba jicho moja.

Kunguru aliitazama picha, kisha gauni mwilini mwake.

"Lilikuwa la harusi yake," Matroni aliendelea, bado yuko chini. "Alilijaribu mara moja, akaugua, akafa. Sikulifua. Jasho lake lilikuwa kwapani hapa. Nikizidiwa nilikuwa nafungua kabati, nalinusa, nafunga." Alipandisha macho. Hayakuwa na hasira, na afadhali yangekuwa nayo. "Nikaona nimkabidhi mtu mwenye pumzi. Alikwambia ni la nani?"

Nyumba nzima ikamngoja mtu mmoja. Kunguru alimgeukia Mpigapicha. Hakumtazama kwa lawama, alimtazama kwa kumsihi. Macho yalisema, sema wewe, mpenzi wangu, ni neno moja tu, nitakushika mkono ukilisema. Mpigapicha alikuwa anapanga uma na kisu vilingane pembeni ya sahani.

"Nakuuliza, binti. Alikwambia?"

"Hilo si langu kulijibu, Mama."

"Ehee!" Mjomba alipiga meza, glasi zikaruka. "Sikieni jeuri! Amemchemsha marehemu kama nguo za gereji, halafu hajibu! Nilikwambia, dada, kunguru hafugiki. Nilikwambia au sikukwambia?"

"Mjomba, mimi..."

"Wewe nini? Umeingia nyumba ya watu na uchawi wako, umemfuta mtoto wao!"

"Mama," Mpigapicha alisema hatimaye, na moyo wa Kunguru ukaruka, ukasimama mlangoni kumpokea. "Mama, kaa kwenye kiti. Presha yako."

Basi. Ndilo neno lake. Kijana aliyejua kumtazama mtu kuliko wote mtaani, siku aliyohitajiwa kuonekana, alimpima mama yake presha.

"Nitalivua," Kunguru alisema.

Alionyeshwa chumba. Akafungua vifungo kimoja kimoja. Chini ya gauni alikuwa na shimizi aliyoishona kutoka kwenye bitana ya pazia. Akavaa koti lake juu, akalifunga hadi kooni. Gauni akalikunja kama linavyokunjwa shuka la hospitali, kona juu ya kona. Alipotoka, Matroni alikuwa kwenye kiti, mikono imefunguka mapajani. Akampa. Matroni akalileta gauni usoni, akavuta pumzi, akavuta tena, akitafuta.

"Siki," alisema, na kulishusha.

Kunguru alipiga magoti. "Nisamehe, Mama. Nilidhani nalipenda."

Matroni alimwekea kiganja kichwani. Kilikaa hapo kwa muda, kizito, kama kinataka kusema jambo na hakina mdomo. Kisha akakiondoa. "Nenda, mwanangu," alisema. "Nikikuona nitamwona." Na lile neno ambalo binti alilingoja miezi yote, alilipata mara ya pili na ya mwisho, akiwa anafukuzwa.

Mpigapicha alimfuata barazani. Akaufunga mlango nyuma yake, taratibu, usisikike.

"Nitakupigia," alinong'ona.

"Ukinipigia utaniambia nini ambacho hapa huwezi?"

"Hujui hali yake. Ningemwambia sasa hivi, angeanguka."

"Ameshaanguka. Nami nimeanguka. Uliyebaki umesimama ni wewe peke yako."

"Nilishindwa kumtaja dada. Tangu afe sijamtaja. Jina haliji." Machozi yalikuwa yanamtoka, ya kweli; hata mimi sisemi yalikuwa ya uongo. "Nilipoliona kwenye kamba nikasema, labda hatalitambua."

"Mshono wa mkono wake mwenyewe?"

"Nakupenda."

"Najua." Alimfuta chozi kwa kidole gumba, kidole ambacho kucha yake haitoki weusi wa rangi hata isuguliwe vipi. "Unanipenda barazani. Unanipenda studio, unanipenda juu ya ndoo. Mimi nilikuwa naomba unipende sebuleni, ndani ya dakika moja. Ingia ndani ukamwambie. Nitasimama hapa hapa. Hata akinifukuza baadaye, nifukuzwe na ukweli."

Alishika kitasa. Kunguru alikiona kiganja kikizunguka, chuma kikilia. Kisha sauti ya Mjomba ikavuma kutoka ndani, "Bado yupo huyo?" na kiganja kikaachia.

"Mambo yakitulia," Mpigapicha alisema.

Kunguru hakungoja amalize. Alishuka ngazi, akafungua geti, akatoka.

* * *

Shangazi hakuuliza. Alimwona koti limefungwa kooni kwenye jua lile, akaelewa gauni halikurudi, na kijana pia. Alimvua buti, akamwekea maji ya vuguvugu kwenye beseni, akamtia miguu humo kama zamani alipokuwa mdogo.

"Ungewaambia," alisema. "Ungesema, muulizeni mwanenu!"

"Ningesema mimi, Shangazi, angekuwa amesemewa. Nilitaka aseme."

"Na sasa wewe ndiye mchawi."

"Sasa mimi ndiye mchawi."

Simu ilitetemeka juu ya meza. Shangazi akaichukua, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, akasoma kwa sauti: "Nakupenda. Mambo yakitulia nitamweleza Mama."

"Yakitulia!" alifoka. "Kwani mambo ni maji ya ndoo, unayaacha usiku yakatulia, asubuhi ukachota juu?" Akaigeuza simu kifudifudi. "Unataka nimjibu nini?"

Kunguru alitikisa miguu ndani ya beseni. Alikuwa analitazama kabati lake, lile lililojengwa kwa mikanda ya plastiki na mapazia ya watu, kila nguo ndani yake imeokolewa kwa mikono yake. Akaanza kulia bila sauti, mabega tu. Alikuwa amemfuta maiti jasho la mwisho, akijua anafanya jambo zuri, na mtu pekee aliyeweza kumzuia alimwambia ni zuri. Kesho yake robota jipya lilifika. Alikata mikanda, akaikusanya yote, na kwa mara ya kwanza akaitupa jalalani.

Na sasa geuka unitazame wewe, unayesoma. Usiniulize kama walirudiana. Mpaka ninapoandika, yule mama bado anaamini binti alijua. Mpaka ninapoandika, yule kijana bado anasubiri mambo yatulie, anafuta lenzi. Inatosha neno moja la mtu mmoja, na mwenye neno analo mdomoni.

Unalo na wewe. Yupo mtu aliyebebeshwa kosa lako mezani, mbele ya mama yako, mbele ya kaka zako, mbele ya bosi wako, na wewe ukapanga uma na kisu. Unamjua kwa jina. Umemtajia mapenzi mara ngapi mkiwa wawili? Usimpigie yeye. Yeye ukweli anaujua. Waendee wale waliokuwa wamekaa mezani, waliokula na kuondoka wakiwa na uongo tumboni. Usingoje presha ishuke, usingoje msiba uwakutanishe. Funga ukurasa huu, inuka hapo ulipo, ingia sebuleni wakiwa bado wamekaa, useme kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Hakuwa yeye. Nilikuwa mimi."

Nenda.